Upande wa Kulia

Jina lilimponyoka Mwalimu Thani mchezo ukiwa umepamba moto, na kijana asiyekuwa na jina hilo akaitika.

"Sleyum, kimbia nao," alipaza sauti, sauti ile ile aliyoizoea Unguja kwenye kiwanja cha majani kando ya bahari. Hapa Ruwi, nje ya mji wa Maskati, hapakuwa na majani. Palikuwa na changarawe ya bondeni, iliyookotwa mawe na wachezaji wenyewe tangu asubuhi, na vumbi jeupe lililotimka kila gongo lilipoparuza ardhi. Aliyeitika, akauzoa mpira na kutimua nao sambamba na mstari wa chokaa, alikuwa Marhoon, mzaliwa wa kijiji cha Sidab, mchukuzi wa magunia, kijana ambaye Unguja hakuijua hata kwa picha. Hakusita. Aliitika kama mtu anavyoitikia jina alilopewa na babake siku ya akika. Hilo ndilo lililomtia Thani baridi kifuani, kwani mtu hazoei jina la mwenzake kwa siku moja. Sharti awe ameitwa hivyo mara nyingi.

Mpira ukarudishwa katikati, ukasukumwa golini. Watu walioketi juu ya majabali meusi yanayolizunguka bonde wakapiga makofi, na Harub, mwenye timu, akanyanyua bakora yake juu. Thani peke yake alisimama kimya kando ya mstari, akijiuliza ni lini alipoanza kumwita hivyo, na kwa nini hakuna aliyemkanya.

Ulikuwa msimu wa baridi wa mwaka 1968 ukiingia 1969, msimu ambao timu ya Marjani ilitwaa ubingwa wa mpira wa magongo. Waliokuwapo waliukumbuka kwa ushindi. Thani aliukumbuka kwa jambo jingine.

Yeye na mkewe Muhsina walifika Maskati mwaka 1964, kwa meli iliyojaa watu waliobeba wasivyovihitaji na kuacha walivyovihitaji. Walichokiacha wao ni mwana wao wa pekee. Asubuhi ya ile Jumapili ya Januari, Sleyum alitoka kwenda shamba kumchukua bibi yake, akasema atarudi kabla chai haijapoa. Siku ya pili bibi alifika mjini kwa miguu, peke yake. Mjukuu hakuwa amefika kwake.

Walipokuwa wamekusanywa pamoja na wengine kungojea meli, jirani yao mmoja alikuja akakaa mbele yao, macho chini, akawaambia kwamba alimwona Sleyum akianguka njiani, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa watu walioamrishwa kuchimba. Muhsina alijifunika uso kwa buibui. Thani alimtazama yule mtu kwa upole, kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyekosa hesabu, akasema, "Umemfananisha. Vijana wa kanzu ni wengi."

Kauli hiyo akaishikilia. Hakukubali matanga yawekwe wala khitma isomwe. Miaka ilipopita, na kadhi akamwambia kwamba muda wa kumngoja aliyepotea umekwisha kisheria, Thani alimshukuru, akambusu mkono, na asifanye lolote. "Simsomei khitma mtu aliye hai," alimwambia mkewe. Muhsina hakubishana naye. Alikuwa na kilio chake, akikilia jikoni, na moshi ukamsitiri. Hivyo katika kijumba cha udongo pale Sidab waliishi watu wawili waliolala mkeka mmoja, mmoja amefiwa, mwingine anangoja, na hakuna aliyeweza kumvusha mwenziwe upande wake.

Harub alikuwa mfanyabiashara wa Matrah, bandari iliyo jirani, mwenye ghala la mchele, tende na ndimu kavu. Mtu mnene, mcheshi, asiyependa kushindwa hata katika kunywa kahawa. Timu za magongo zilikuwapo mjini. Wanajeshi walikuwa na yao, Wahindi wa sokoni walikuwa na yao, na kambi ya watu wa mafuta kule Azaiba ilikuwa na yao, ya watu waliojifunza mchezo Karachi na Goa. Wote walicheza kwa mapenzi. Harub akazua jambo jipya: aliwaajiri wachezaji. Asubuhi wapange magunia, alasiri wafanye mazoezi, na mshahara ni wa kazi zote mbili. Mji ulicheka kwamba watu wazima na ndevu zao sasa wanalipwa kwa kukimbiza mpira, lakini waliocheka ndio waliotangulia kufika uwanjani. Thani alikuwa karani wa ghala hilo, na ilijulikana kwamba Unguja alisomesha skuli na kucheza magongo mpaka mvi zikamwota. Alipoombwa kuifundisha timu alikataa. Alisema gongo aliliacha kule.

Alikataa hadi mchana mmoja, wachukuzi wakipumzika uani, alipomwona Marhoon akipiga ndimu kavu kwa kuti la mtende. Sura haikuwa ya Sleyum. Sleyum alikuwa mwembamba, mwepesi wa kucheka, na huyu alikuwa na uso mpana wa mtu anayefikiri kabla ya kusema. Ila alipomaliza kupiga aliliburuta kuti huku akitembea, likichora mstari mchangani, vile vile alivyofanya Sleyum na gongo lake. Thani alisimama pale na kalamu mkononi mpaka wino ukamkaukia. Jioni ile akamwambia Harub kwamba amekubali, kwa sharti moja: yule kijana acheze upande wa kulia.

Upande huo ulikuwa wa Sleyum. Alicheza kama mshale. Akipewa mpira hakutazama ila mbele, akakata pembeni na kuurudisha katikati mabeki wakiwa bado wanaulizana. Marhoon hakuumbwa hivyo. Akipata mpira aliutuliza, akasimama, akainua kichwa kama mtu anayesikiliza iwapo kuna anayebisha hodi, kisha akaupeleka mahali ambapo hakuna aliyepafikiria.

"Winga hasimami," Thani alimkaripia.

"Nikisimama kidogo nnaona, Mwalimu."

"Ukisimama wanakuona wewe. Kimbia."

Marhoon akakimbia. Alikuwa na adabu ya watu wa kwao, hamjibu mkubwa mara mbili. Kiswahili alikipata kwa mamake, Bakhita, ambaye naye alilelewa na nyanya aliyetoka Mrima. Kilikuwa Kiswahili cha zamani, chenye kutu na utamu, na Thani alikisahihisha neno kwa neno mpaka kikawa cha Unguja. Akamfundisha kushika gongo kama Sleyum na kufunga kitambaa kifundoni kama Sleyum. Kidogo kidogo, kama maji yanavyoingia chomboni pasi na kelele, jina nalo likaja.

Na timu ikashinda, na ushindi ukalifanya jambo lile lionekane la kheri. Waliwafunga wanajeshi, wakawafunga Wahindi wa sokoni, na kila Ijumaa lori la Harub lilirudi Matrah likipiga honi, wachezaji wanaimba nyuma. Walifungwa mara moja tu, na watu wa Azaiba, na siku hiyo Thani alimlaumu Marhoon kwa kusimama.

Ijumaa moja baada ya ushindi alimleta nyumbani kula. Muhsina alikuwa amepika wali na mchuzi wa nguru. Thani alimkalisha mgeni penye mlango, unapopita upepo, akamwekea kichwa cha samaki juu ya wali.

"Kula. Najua unakipenda."

Marhoon alikitazama kichwa, akamtazama Mwalimu, akala. Muhsina, aliyekuwa upande wa ndani nyuma ya pazia, aliona jinsi kijana alivyolimeza kila tonge kwa shida, na alivyosema alhamdulillahi kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Alipokwisha kuaga na kwenda zake, Muhsina alikusanya vyombo bila kuvigonganisha.

"Yule hali kichwa cha samaki," alisema. "Aliyekuwa akikipenda ni mwingine."

Thani alijipangusa mikono.

"Baba Sleyum, mtoto yule ana mamake. Bakhita yupo hapo ng'ambo ya mfereji, macho yake yanazimika, hana mwingine wa kumshikia kamba kisimani. Usimnyang'anye mwanawe kwa kuwa sisi tumenyang'anywa."

"Hakuna aliyenyang'anywa," Thani alisema, akatoka. Alisimama uani akiitazama njia ya mlimani iendayo Maskati, iliyokuwa nyeupe na tupu chini ya jua.

Fainali ikapangwa kuwa baina ya Marjani na Azaiba. Katika wiki ile ya mwisho Thani alitangulia uwanjani kuokota mawe, na Marhoon akamfuata kabla wenziwe hawajafika. Akainama naye. Wakaokota kwa muda bila kusema.

"Mwalimu, nna neno."

"Sema."

"Ijumaa asubuhi kuna boti inakwenda Bahrein. Binamu yangu yuko huko, amenipatia kazi ya ufundi. Nnakwenda."

Wakati ule safari ya nje ilitaka ruhusa ya Sultani, na ruhusa ilikuwa adimu kama mvua. Aliyeondoka bila hiyo aliondoka kama mwizi, asijue kama ataruhusiwa kurudi. Thani aliyajua hayo yote, lakini la kwanza lililomtoka lilikuwa jingine.

"Ijumaa ndiyo fainali."

"Nnajua. Boti haijui."

"Na mamako?"

"Ndiye aliyeniambia niende. Anasema nikamtafutie tabibu wa macho, na kama hakuna tabibu, basi angalau mmoja wetu aione dunia."

Thani alilipima jiwe mkononi. "Unataka nini ili ubaki hapa? Nitasema na Harub."

Marhoon alikawia kujibu, kama alivyokuwa akikawia na mpira kabla hajakatazwa. "Wewe umenitendea wema, Mwalimu, siwezi kuulipa. Lakini hapa mimi nna majina mawili, moja la mama na moja lako. Lako limekuwa kubwa. Juzi mama aliniita mlangoni, sikumsikia mpaka aliporudia." Akajipangusa vumbi viganjani. "Nnataka kwenda mahali nikaitwe moja."

Sauti za wenziwe zikasikika kutoka barabarani. Thani akalitupa jiwe nje ya mstari. Mazoezi ya siku hiyo aliyaendesha akiwa amewapa wachezaji mgongo, na walipomwuliza ana nini, akasema jua.

Siku ya pili yake Harub alimwita kwenye baraza ya ghala. Palikuwa na halwa na kahawa, dalili kwamba mazungumzo yangekuwa mazito.

"Bandarini kuna maneno," Harub alianza. "Wanasema mmoja wa vijana wetu anataka kuvuka bila ruhusa. Hawakunambia nani. Ikiwa ni mchukuzi tu, Mungu amsahilishie. Lakini ikiwa ni mtu wa fainali, neno langu moja kwa mkubwa wa pale linatosha, hatatia mguu botini. Hatafungwa, nitamwombea. Atacheza Ijumaa, na baadaye atanishukuru. Wewe unawajua. Nipe jina."

Thani alikizungusha kikombe kidoleni. Haikuwa khiyana, alijiambia. Ni kumzuia mtoto asiingie baharini kama mkimbizi, na ni kumwachia mama anayepofuka mwanawe. Ni mama gani asiyetaka mwanawe azuiwe mlangoni? Laiti asubuhi ile ya Januari angetokea mtu mmoja, mmoja tu, akasimama kizingitini na kusema, leo hutoki. Thani mwenyewe alikuwa ameketi hapo hapo sebuleni, kikombe mkononi, akamwambia kijana wake asisahau kumsalimia bibi.

Akafungua kinywa. Jina lililomjia kwenye ncha ya ulimi lilikuwa Sleyum.

Alilisikia kabla hajalitamka, na kwa mara ya kwanza tangu kuhama alilisikia kama lilivyokuwa: jina la mtu ambaye hakuna mkubwa wa bandari awezaye kumzuia, wala chombo kiwezacho kumrudisha. Kijana ambaye yeye alitaka kumzuia alikwisha ondoka zamani. Yule ambaye angeweza kumzuia hakuwa wake.

"Sina jina la kukupa," alisema.

"Huijui timu yako?"

"Timu naijua, Bwana Harub. Jina sina."

Harub akammiminia kahawa nyingine kwa mkono wake. "Tukifungwa Ijumaa," alisema, kwa upole uliomtisha Thani kuliko hasira, "tutakikumbuka kikao hiki."

Ijumaa jua lilipochomoza Thani alishuka pwani ya Sidab. Mashua ilikuwa tayari kumpeleka Marhoon kwenye boti iliyosimama nyuma ya jabali. Bakhita alikuwa amemshika mwanawe usoni kwa mikono yote miwili, akimpapasa paji, pua, kidevu, akirudia, kama anayehifadhi sura ya Kurani. Thani alingoja mpaka alipomwachia.

"Marhoon," aliita.

Kijana alimtazama kana kwamba ameitwa na mtu anayekutana naye kwa mara ya kwanza.

"Hakuna aliyelipata jina lako kwangu. Nenda salama." Na kwa kuwa hayo hayakutosha, na mengine hayakusemeka, akaongeza, "Huko wakikupa mpira, simama kwanza uangalie. Ndivyo ulivyo."

Marhoon akambusu mkono, akapanda. Bakhita alibaki ameuelekeza uso kule kulikokuwa na mlio wa makasia, na hata mlio ulipokwisha aliendelea kuuelekeza huko huko.

Alasiri ya siku hiyo upande wa kulia alicheza bawabu wa ghala, mtu mwema mwenye miguu mizito, aliyeukimbilia mpira kama anayefukuza mbuzi shambani. Harub alimtafuta Marhoon kwa macho, kisha akamtazama Thani, akaketi. Azaiba waliutawala mchezo. Marjani walijikusanya nyuma, wakapigwa vifundoni, kipa wao akatoka damu mdomoni, akasukutua, akarudi langoni. Mara kadha Thani alifungua kinywa ili aite, akakifunga. Jicho lake lilikwenda upande wa kulia, kwenye chokaa ambayo haikuwa imekanyagwa, na alichokiona pale ni nafasi tu, pana, yenye jua, isiyo na mtu. Kwa miaka mitano hakuiacha iwe tupu hata siku moja. Sasa aliitazama ilivyo, na machozi yakamtoka, na waliokuwa karibu wakadhani ni vumbi.

Goli lilikuja dakika za mwisho, nalo lilikuwa goli baya. Bawabu aliugusa mpira kidogo tu, gongo lake likapiga changarawe, beki wa Azaiba akaruka kukwepa mawe, mpira ukamgonga mguuni na kuviringika polepole kupita chini ya kipa wao, kama unaoona haya. Refa akapuliza. Bonde zima likalipuka. Vijana wa Marjani, mabingwa, wakambeba mwalimu wao mabegani. Harub alikuwa akicheka na kulia, kikao cha barazani amekisahau. Thani aliwaomba wamteremshe. Kwa makelele yale hakuna aliyemsikia, na hivyo alibebwa juu ya vichwa vya watu mpaka kwenye lori, uso umemlowa.

Alimkuta Muhsina uani anachagua mchele.

"Mmeshinda?"

"Tumeshinda."

"Mbona uko hivyo?"

Aliketi kando yake mkekani, akavuta ukingo wa ungo, akaanza kuchagua naye, jambo ambalo katika ndoa yao yote hakuwahi kulifanya. Alichagua vibaya, akitupa na punje nzima. Muhsina alimwacha.

"Mama Sleyum," alisema mwishowe. "Sleyum amekufa."

Mikono ya Muhsina ilisimama.

"Nnajua."

"Mimi nilikuwa sijui."

"Na hilo nnalijua," alisema, akamshika kifundo cha mkono kama anavyoshikwa mgonjwa. Wakalia, na safari hii kilikuwa kilio kimoja.

Khitma ilisomwa kwenye msikiti mdogo wa Sidab. Watu wa Unguja waliotawanyika Matrah na Maskati walikuja, wachezaji walikuja wote, na Harub, ambaye hakuwa amewahi kusikia kwamba karani wake alikuwa na mwana, alileta mbuzi na akakaa mpaka mwisho bila kusema neno la mchezo. Msomaji alilitaja jina la marehemu pamoja na la babake. Thani alilisikia likisemwa na kinywa kisichokuwa chake, kati ya watu, katika mahali pake stahiki, na kifua kikamlegea na kumuuma kwa wakati mmoja.

Bakhita alikuja nyumbani, upande wa wanawake, akiongozwa na ukuta. Alikaa ubavuni mwa Muhsina, na dua zilipokwisha alimwinamia, akasema kwa Kiswahili chake cha kale:

"Mwenzangu, wewe umejua. Nami nisiyejua nifanyeje?"

"Umlie kidogo," Muhsina alisema. "Umwombee kidogo. Usimalize chochote."

Msimu uliofuata Marjani hawakuwa mabingwa. Thani aliendelea kuwafundisha, na upande wa kulia akamweka kijana mwingine, akamwita kwa jina lake, na kumwacha acheze alivyojua, ambavyo havikuwa vizuri sana. Habari za Marhoon zilikuja mbili. Baharia mmoja alisema amesikia kwamba kuna kijana wa Sidab kwenye karakana moja ya Muharraq, huko Bahrein, mwenye uso mpana, mpole. Mwingine alisema boti ya Ijumaa ile ilipigwa na dhoruba kabla ya kulikaribia lango la Ghuba. Wote wawili walikuwa watu waaminifu.

Katikati ya mwaka 1970 nchi ilipata mtawala mpya, na mengi yaliyokuwa yamefungwa yakafunguliwa. Waliokuwa ng'ambo wakaambiwa warudi, na wakaanza kurudi, kutoka Kuwait, Doha na Bahrein, na masanduku yao, na wake waliowaoa huko, na watoto wanaoshangaa milima. Kila iliposikika kwamba kuna chombo kimefika Matrah, Bakhita alijifunga shela yake na kushika ukuta kuelekea njiani. Macho yake yalikuwa yamekwisha kabisa.

"Nenda naye," Muhsina alimwambia mumewe siku ya kwanza. "Wewe unaona."

Wakawa wanakwenda pamoja, mwalimu mwenye mvi na mama wa watu, wakikaa ufukoni penye kivuli cha ukuta wa forodha. Mwanzoni Thani hakuwa wa kutegemewa. Kila kijana mwenye mabega mapana alimfanya anyanyuke, na Bakhita, akihisi kule kunyanyuka, naye alinyanyuka, kisha wote wawili wakarudi chini. Mara ya tatu mama akamwekea mkono gotini.

"Usininyanyukie, Mwalimu. Nambie unachokiona. Nitakachonyanyukia ntakijua mwenyewe."

Ndipo alipojifunza. Alimweleza kila aliyeshuka kwenye mashua kama alivyokuwa, bila kumwongezea wala kumpunguzia: mzee anayechechemea, mwanamke aliyebeba cherehani, mtu mwenye suti anayeogopa kulowesha viatu. Bakhita alisikiliza huku ameinamisha kichwa, akiwapokea wote mmoja mmoja. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizopata Thani kuzifanya, na hakuna aliyemsifu kwayo.

Asubuhi moja ya Oktoba mashua ilikuja imejaa, maji yametulia, jua halijawa kali.

"Nani anashuka?" Bakhita aliuliza.

"Mtu mrefu. Ana masharubu, amebeba sanduku la bati."

"Siye."

"Siye."

"Na baada yake?"

"Kijana. Amevaa shati jeupe, anamteremsha mtoto wa watu."

"Yukoje usoni?"

Thani alikinga jua kwa kiganja. Moyo ulikuwa ukimwenda mbio, na aliuacha uende, lakini hakunyanyuka.

"Bado amenipa mgongo, Bi Bakhita," alisema. "Ngoja ageuke."